Barua iliyofungiwa kwenye sefu

Jumamosi mtoto wa kaka yangu alikuja kwangu Ipagala, nikiwa barazani nachambua mchele wa Bahi. Yuko kidato cha sita, anasoma fizikia. Akaninyooshea simu: "Shangazi, wewe mtu wa barua, hebu isome hii."

Ilikuwa barua ya Einstein kwa Rais Roosevelt wa Marekani. Nimefanya kazi masjala miaka 27, kwa hiyo macho yalikwenda kwenye tarehe kabla ya kitu kingine. 2 Agosti 1939. Nikamuuliza, ilipokelewa lini? Akatafuta. Alexander Sachs, aliyekabidhiwa kuifikisha, aliingia kwa Rais 11 Oktoba. Siku 70! Katikati hapo Ujerumani ilikuwa imeshaivamia Poland.

Einstein alitia saini, ila aliyeihangaikia kuliko wote ni Leo Szilard, mwanafizikia mkimbizi kutoka Hungaria. Barua inaeleza kwamba urani inaweza kuzaa mabomu ya aina mpya, yenye nguvu mno, na kwamba Ujerumani imesimamisha uuzaji wa urani ya migodi ya Chekoslovakia. Kisha inataja mahali penye urani muhimu kuliko kote: Kongo ya Wabelgiji. Hapo nikaweka ungo chini. Katanga, iliko urani hiyo ya Kongo, ni ng'ambo tu ya Ziwa Tanganyika, na huku kwetu Bahi nako watafiti wameshakuja kutafuta urani hiyohiyo.

Roosevelt alijibu 19 Oktoba, kamati ikaundwa chini ya Lyman Briggs, ikapata dola 6,000 za kuanzia.

Kilichoninyima usingizi ni cha mwaka 1941. Uingereza, wanasayansi wawili wakimbizi, Frisch na Peierls, walikuwa wameshaandika Machi 1940 kwamba bomu linahitaji kilo chache tu za urani iliyochujwa. Serikali ikaunda kamati, kamati ikathibitisha, taarifa ikatumwa Marekani. Kimya. Agosti 1941 Mark Oliphant, mwanafizikia wa huko Uingereza, akapanda ndege kwenda kuuliza kulikoni. Akakuta Briggs ameifungia kwenye sefu, hata wajumbe wake hajawaonyesha.

Mimi hilo sefu nalijua. Tulipokuwa tunafungasha majalada kuhamia Dodoma, kwenye ofisi moja niliyopitia, nilifungua kabati la chuma nikakuta barua ya wanakijiji kuhusu pampu ya kisima iliyoharibika. Ina muhuri wa kupokelewa. Haina namba ya folio, haina dokezo, haikuwekwa kwenye jalada lolote. Chini pana alama za vidole gumba, wino wa zambarau, kimoja kimepaka hadi pembeni kana kwamba mwenyewe mkono ulikuwa unatetemeka. Ilikuwa na miaka tisa. Niliipeleka kwa mkubwa wangu siku ileile kwa mkono wangu mwenyewe, sikumpa mhudumu, na bado nikiikumbuka roho inaniuma.

Nilimsimulia kijana. Akanyamaza, halafu akanionyesha nyingine. Szilard yuleyule, 17 Julai 1945, siku moja baada ya bomu la kwanza kujaribiwa jangwani New Mexico. Safari hii anamwomba Rais Truman, aliyemrithi Roosevelt, asilitumie dhidi ya Japani kabla masharti ya kusalimu amri hayajatangazwa waziwazi na Wajapani kuyakataa. Wanasayansi 70 wameweka saini. Waliipitisha kwa wakubwa wao kama utaratibu unavyotaka, nasi masjala tungewafundisha hivyohivyo. Jenerali Groves, mkuu wa mradi wa bomu, akakaa nayo hadi 1 Agosti, ndipo ikapelekwa ofisi ya Waziri wa Vita. Truman alikuwa Potsdam, Ujerumani, haikumfikia. Ikabaki siri miaka mingi.

"Hiroshima ilikuwa tarehe ngapi?" nikamuuliza, ingawa najua.

"Sita Agosti, Shangazi."

Nikahesabu kwa vidole, punje za mchele zimenigandia. Siku 20.