Vikombe Viwili vya Uji

Mwaka 2004 shangazi yangu alilazwa hospitali ya Bombo, Tanga, baada ya kupasuliwa tumbo. Nilikuwa kidato cha pili na shule zimefungwa, kwa hiyo kazi ya kupeleka uji wa asubuhi ikawa yangu. Tulikaa Makorora. Nilitoka alfajiri kwa baiskeli, chupa ya chai nimeifunga nyuma kwa mpira, nikaikata Ngamiani maduka yakiwa bado hayajafunguliwa.

Siku ya kwanza tulikwenda na mama. Kwenye kitanda kilichoelekeana na cha shangazi alilala bibi mmoja wa Pangani, kavunjika nyonga, mguu umevutwa kwa kamba yenye uzito. Wagonjwa wengine wamezungukwa na ndugu na vyombo vya chakula. Yeye kageuza uso ukutani. Aliyewahi kuuguza anajua jinsi saa ya kuona wagonjwa inavyomtesa asiye na mtu.

Mama alimimina uji kwenye kikombe cha pili, akasogea.

"Shikamoo, mama. Karibu uji. Mungu anakupenda, hajakusahau."

"Marahaba, mwanangu." Akasema Bismillahi, akanywa. Mama hakuongeza neno, akarudi kwa shangazi.

Jambo lile lilinikera. Shuleni nilikuwa UKWATA, umoja wa wanafunzi Wakristo, na tulikuwa tumefundishwa kushuhudia kwa mpangilio: dhambi kwanza, kisha msalaba, mwisho sala ya toba. Tukiwa njiani nikamwambia mama kwamba ujumbe wake ameuacha nusu. Mama alikulia Magila, kwenye misheni, Biblia anaijua kunizidi. Alitembea kidogo bila kujibu.

"Yule anaumwa, baba," akasema. "Na uji ukipoa haunyweki."

Siku ya nne nilikwenda peke yangu. Usiku kucha nilijiandaa, Yohana 3:16 nikairudia mpaka usingizi ukanichukua: "Kwa maana jinsi hii Mungu aliupenda ulimwengu..." Nilipomaliza kumhudumia shangazi nikamwendea bibi na kikombe chake. Mikono ilikuwa ikimtetemeka, siku hiyo zaidi. Ikabidi nikishike naye. Uji wa mtama ulikuwa umeshafanya utando juu. Nikaupuliza ukajikunja pembeni, harufu ya pilipili manga ikapanda. Vidole vyake vilikuwa juu ya vyangu, vikavu, vya moto kwa homa, na kwenye kucha kumebaki ncha za hina ya zamani. Nani alimpaka, na kwa sherehe gani, sikujua. Nilivitazama vile vidole, na maneno yote niliyoyapanga yakanitoka.

"Bibi," nikasema, "Mungu anakupenda."

Akaacha kunywa. Akanitazama.

"Hata mimi, mjukuu wangu? Na hivi nilivyo?"

"Hata wewe, bibi."

"Hebu sema tena."

Nikasema tena. Machozi yalimshuka taratibu kuelekea masikioni, kwa kuwa alikuwa amelala chali, nami sikuwa na kitambaa, nikamfuta kwa mkono wa shati. Kisha akasema, "Haya, nipe niumalize huo uji." Akanywa wote.

Sisemi mafundisho ya shuleni yalikuwa mabaya. Aya ile naipenda mpaka leo, na nimeisoma mbele ya watu wengi. Ila sijawahi tena kuulizwa "hata mimi?" na mtu aliyekuwa akilihitaji jibu kiasi kile.

Shangazi aliruhusiwa Jumamosi. Tulimleta nyumbani, majirani wakajaa, tukalala tumechoka. Jumapili kabla hakujapambazuka nikasikia mwiko ukigonga sufuria. Nikadhani mama anajipikia chai mapema awahi ibada. Akaja kunitikisa mguu.

"Amka, baba. Bibi anangoja."

Chupa ilikuwa mezani, imefungwa tayari. Kando yake kikombe kimoja.