Jinsi Nilivyouvunja Msafara wa Kwanza katika Mad Max

Kwa majuma mawili, kila nilipopata nafasi ya kukaa mbele ya televisheni usiku, niliufukuza msafara uleule wa magari jangwani, na kila mara gari lililoishia kuwaka moto lilikuwa langu. Mchezo wa video ninaouzungumzia ni Mad Max, uliotengenezwa na Avalanche Studios ya Uswidi na kutolewa tarehe 1 Septemba 2015. Ni mchezo mpana wenye mapigano ya ngumi, kambi za kuvamia na ngome za kujenga, lakini kwangu moyo wake uko barabarani, katika magari yanayokimbizana na kugongana kwa ajili ya mafuta.

Sehemu kubwa ya nchi yake, iitwayo Great White, ni sakafu ya bahari iliyokauka baada ya dunia kuangamia. Mimi nimekulia pwani, na kuona meli zimelala ubavu juu ya mchanga mahali ambapo maji yalipaswa kuwapo kulinigusa kuliko nilivyotarajia. Mmoja wa wakuu wa ngome, Gutgash, anaishi ndani ya meli kuukuu kwa kuwa anaamini siku moja bahari itarudi. Nilipomsikia akisema hivyo niliacha kucheza kwa muda, nikamtazama tu.

Katika nchi hiyo misafara huzunguka njia zilezile bila kukoma: gari la kiongozi katikati, limezungukwa na magari ya walinzi. Ukiliangamiza gari la kiongozi unapata pambo la boneti, ambalo ukilifunga kwenye gari lako linakuongezea uwezo fulani. Nami niliyatamani mno mapambo hayo, kiasi kwamba kila nilipouona msafara nilibonyeza kasi ya ziada na kumwendea kiongozi moja kwa moja. Walinzi walinibana ubavuni, wengine wakarukia juu ya gari langu, na kabla sijamfikia niliyemtaka, injini ilikuwa imeshashika moto.

Nilidhani tatizo ni gari kuwa dhaifu, hivyo vyuma chakavu vyote nilivyookota, ambavyo ndivyo fedha ya mchezo huo, nilivitumia kununua mabamba mazito ya kulikinga. Nilizidi kuharibu. Gari hilo, Magnum Opus, hubadilika kwa kila kitu unachokiongeza, na mabamba mazito yakifungwa juu ya injini ndogo linakuwa zito kuondoka na gumu kukata kona. Nikawa nakufa polepole zaidi, lakini nakufa.

Aliyenifumbua macho ni mpwa wangu, aliyekuja kututembelea wakati wa likizo. Alitazama mara mbili nikishindwa, kisha akauliza kwa adabu, "Mjomba, mbona unawapita hawa wa nyuma? Hilo chusa si la kuvutia tairi?"

Chusa, yaani mkuki wenye kamba unaorushwa kutoka garini, nilikuwa nalo tangu mwanzoni. Linaendeshwa na Chumbucket, yule fundi mwenye kibiongo anayekaa nyuma ya gari, na nilikuwa nalitumia kuangushia minara tu. Kumbe ukililenga kwenye gurudumu la gari linalokimbia, kisha ukavuta, gurudumu linang'oka na gari linabingirika lenyewe. Chusa halihitaji risasi, tofauti na bunduki, na unapolenga muda hupungua kasi kidogo, kwa hiyo kuna nafasi ya kuchagua vizuri. Usiku huo niliondoa baadhi ya mabamba, nikanunua injini bora, nikaongeza nguvu ya chusa, kwa kuwa la ngazi ya chini haling'oi vitu vilivyofungwa imara, na nikafunga miiba kwenye bodi ili wanaoturukia wasipate pa kushika.

Siku iliyofuata sikuukimbilia msafara. Nilipanda kwanza puto la upelelezi, nikaitazama njia kwa darubini hadi nilipoona mahali inapopita kwenye uwanda mpana usio na miamba. Nilipita ngomeni kujaza risasi, nikaweka dumu la mafuta nyuma ya gari, nikaenda kusubiri kando ya njia.

Msafara ulipopita niliuacha utangulie, nikaingia nyuma yake. Mlinzi wa mwisho nilimng'oa gurudumu la nyuma, na gari lake likapinduka mbele ya mwenzake, wote wawili wakatoka njiani. Wa tatu alikuwa na tangi la mafuta lililo wazi, naye nilimtengea risasi moja ya bunduki. Wa nne alinigonga ubavuni mpaka moshi ukaanza kutoka, na hapo nilifanya jambo ambalo awali nisingeweza kulivumilia: nilipunguza mwendo, nikauacha msafara uende zake, nikasimama nyuma ya kilima ili Chumbucket atengeneze gari. Kiongozi hakuwa na mahali pengine pa kwenda zaidi ya njia yake ileile. Nilipolifikia tena, gari lake lilikuwa na mlinzi mmoja tu, na huyo hakuchukua muda.

Gari la kiongozi lilikuwa limevikwa chuma pande zote. Nilivuta bamba moja, nikarudi nyuma kumkwepa, nikavuta la pili, kisha nikatumia makombora mawili ya mlipuko niliyokuwa nimeyaweka akiba. La kwanza lilipiga mchanga. La pili liliingia palepale nilipong'oa bamba. Mpwa wangu aliruka kutoka kwenye kochi kabla yangu, nami nilishuka garini, nikaliendea lile gari lililokuwa bado linawaka, nikaliokota pambo langu la kwanza.

Tulilifunga kwenye boneti papo hapo, kisha nikampa yeye pedi ya kuchezea autafute msafara wa pili.