Kumbukumbu ya mradi: fimbo ya futi 11 ya Kiwira na gramu 26 zilizonisumbua

Hatimaye fimbo yangu ya kuvulia samaki inatupa. Kichwa cha mshipi, ile sehemu nzito ya mbele, kinafunguka hewani hadi mwisho, flai (chambo bandia chepesi) inatua ng'ambo chini ya miti, na nyuma yangu hakuna jani lililoguswa. Mliofuatilia tangu blanki, yaani kijiti kitupu cha fimbo, ilipokuja na basi kutoka Dar ikiwa ndani ya bomba la plastiki mnajua nimehangaika na nini. Pete za kupitishia mshipi zilikaa vizuri mapema, mpini ulikubali, gundi ilikauka. Kilichogoma ni uzito wa mshipi, na leo nataka kuuandika wote kabla sijasahau hata desimali moja.

Kwanza niwajibu wanaoniuliza kila mara kwa nini nimejenga fimbo ya mikono miwili ya watu wa samoni na stilihedi ilhali niko Mbeya. Sababu ni mto wenyewe. Kiwira unaanzia kwenye baridi ya Rungwe, unapita chini ya Daraja la Mungu, unatumbukia Kijungu, kisha unateremka hadi Kyela na kumwaga maji Ziwa Nyasa. Huko juu kuna trauti wa upinde wa mvua, waliopandikizwa enzi za mkoloni. Huyo ni Oncorhynchus mykiss, yuleyule ambaye kule pwani ya magharibi ya Marekani na Kanada akienda baharini na kurudi mtoni anaitwa stilihedi. Wa kwetu hawezi safari hiyo, maana maji yanapata joto kadiri unavyoshuka. Lakini huko chini kabisa yuko mbasa, ambaye hupanda mito kutoka ziwani kwenda kutaga wakati wa mvua, na Waingereza walimpachika jina la samoni wa ziwa ingawa ukoo wake uko karibu zaidi na kapu (carp) kuliko samoni. Mto mmoja, samaki wawili, mmoja juu na mmoja chini. Nilitaka fimbo moja ya kwenda kwa wote wawili. (Mbasa akiwa kwenye safari ya kutaga simgusi. Ninamtafuta nje ya msimu huo, na nikimpata anarudi majini. Wamepungua sana, na wavuvi wa Kyela wenyewe wanalisema hilo.)

Halafu kuna kingo. Anayejua Kiwira ya juu anajua: mwamba mweusi, mti, mgomba, mti tena. Nafasi ya kurusha mshipi nyuma haipo. Watu wa mto Spey kule Uskoti walikutana na tatizo hilohilo karne ya 19, wakabuni mtupo ambao mshipi hauendi nyuma ya mvuvi. Unaulaza majini kando yako, unachora kitanzi chenye umbo la D, unasukuma mbele. Ncha iliyobaki imeshikwa na maji ndiyo nanga. Kwa hiyo nikachagua blanki ya futi 11, namba 6, vipande vinne, ambayo inashikwa kwa mkono mmoja au miwili kulingana na mahali.

Ujenzi nitaupita haraka kwa sababu wengi wenu mnaujua kuliko mimi. Upande mgumu wa kila kipande niliutafuta kwa kukikunja juu ya meza, nikaweka pete upande wa pili. Mpini nimeutengeneza kwa sponji ya ndala, zile nene za rangi nyeusi, vipande vya duara vilivyogandishwa kwa epoksi na kuchongwa kwa msasa kwenye drili. Vizibo vya mvinyo nilivitafuta hotelini nikapata, lakini vingi vina mashimo na vinamomonyoka. Sponji ya ndala haipitishi maji, ni nyepesi, na asubuhi ya Julai haigandishi vidole. Nauamini mpini huu. Mashine ya kuzungusha fimbo wakati epoksi ya nyuzi zinazofunga pete inakauka ni mota ya sahani ya maikrowevu mbovu; inazunguka polepole, mizunguko mitano au sita kwa dakika, na haichoki. Baridi ya Mbeya ndiyo adui, maana epoksi inakuwa nzito na kushika mapovu. Sanduku la mbao lenye balbu ya wati 60 ndani lilimaliza kesi hiyo. Msitumie jiko la mkaa, hata kwa mbali. Majivu yanapaa na kuganda kwenye vanishi.

Sasa tuje kwenye mshipi.

Fimbo imeandikwa namba 6. Kwa fimbo ya mkono mmoja namba hiyo ina maana moja tu: futi 30 za mwanzo za mshipi ziwe na greni 160, yaani gramu 10.4. Kwa fimbo ya mikono miwili namba hiyohiyo ni hadithi nyingine kabisa. Fimbo ya futi 11 ya aina hii inataka kichwa chenye greni 375 hadi 425, sawa na gramu 24 hadi 27 na ushee. Zaidi ya mara mbili! Ukiiwekea mshipi wa kawaida wa namba 6 na ukajaribu mtupo wa Spey, fimbo haipindi kabisa, unabaki unapunga hewa. Vichwa vya dukani vya uzito huo vipo nje, na bei yake ikifika hapa pamoja na usafiri inakaribia bei ya blanki yenyewe. Nikaamua kukata wangu.

Malighafi ilikuwa mshipi wa zamani wa namba 12, uliochongwa ncha zote mbili, mita 27. Rafiki aliyehama Mufindi aliniachia. Namba 12 ina greni 380 kwenye futi 30 za mwanzo, gramu 24.6, na ukishaingia tumboni, sehemu nene ya katikati, kila futi inayoongezeka inaleta karibu gramu 0.9. Hesabu inakaa vizuri sana: nikikata futi 36 nina takriban gramu 30, halafu napunguza kutoka nyuma taratibu mpaka fimbo iseme basi.

Tatizo ni mizani. Mizani ya jikoni inasoma gramu nzimanzima, na hapo gramu moja ni tofauti ya fimbo inayotupa na fimbo inayosinzia. Lakini huu ni mkoa wa dhahabu. Nilikwenda kwa mzee mmoja anayenunua dhahabu kutoka kwa wachimbaji wa Chunya, ana mizani inayosoma sehemu ya mia ya gramu. Nikaweka koili ya mshipi juu ya kisahani.

"Hii nayo mnainunua kwa gramu, mwanangu?"

"Hapana mzee, shikamoo. Naitafutia uzito wake tu."

"Marahaba. Basi usipumue juu yake, pumzi inasomeka."

Na kweli inasomeka. 29.84. Nilisimama kuitazama namba ile kama anayesubiri matokeo ya mtihani. Mzee akaniruhusu kurudi kila nikikata, na nilirudi kweli.

Kwa gramu 29.84 fimbo ilipinda hadi kwenye sponji ya mpini na ikachelewa kunyooka. Mshipi ulitoka chini chini, ukapiga maji katikati ya mto. Nikakata futi moja, 28.9 na kitu. Afadhali kidogo, ila bado nzito. Nikashuka hadi 27.2 na hapo nikaanza kuusikia ule mguso mnaousema, fimbo inajaa halafu inasukuma yenyewe. Kwa 26.31, kichwa cha futi 32, fimbo ikawa hai kabisa mikononi. Kipimo cha urefu nacho kilikubali: kichwa kisizidi mara tatu ya fimbo, na futi 32 ziko ndani ya hapo.

Na hapo ndipo ikaanza shida yenyewe. Kila nikisukuma, nyuma yangu mlio wa mjeledi, pa! Nanga imeng'oka majini kabla ya wakati, kitanzi cha D kimekosa pa kujishikiza, kichwa chote kinaruka juu na kuanguka mbele kama rundo la tambi. Nikipunguza nguvu, kinaanguka kwa uvivu. Nikiongeza, pa! Na uzito ulikuwa sahihi, mizani ya dhahabu ilishasema! Hasira ya kitu ambacho hesabu yake inakubali na mto unakikataa siwezi kuieleza. Nilirudisha kipande cha futi moja kwa kukiunganisha, nanga ikashika lakini uzito ukarudi na fimbo ikalala. Nikakitoa. Nikajaribu kusimama ndani zaidi ya maji, nikajaribu kuinua mikono, nikajaribu kuanza polepole.

Jibu lilikuwa kwenye kitu ambacho karibu hakina uzito: lida, ule uzi wa mwisho kati ya kichwa na flai. Yangu ilikuwa mita 2.5, urefu tunaoutumia na fimbo za mkono mmoja. Fikirini kinachoshika maji wakati wa kusukuma: ni lida pamoja na kipande kidogo cha ncha ya kichwa, basi. Kichwa kizito kirefu kinalaza sehemu kubwa majini hata kama lida ni fupi, ndiyo maana kwa gramu 29 sikuwahi kusikia mlio ule. Kadiri nilivyokata, ndivyo fimbo ilivyozidi kuwa na kasi na ndivyo nanga ilivyopungua, vyote kwa mkupuo mmoja. Vichwa vya mtindo huu wa Skandinavia vinahitaji lida yenye urefu wa fimbo au mara moja na nusu yake. Nikafunga mpya ya mita 4: nailoni ya milimita 0.60 mwanzoni, kisha 0.50, 0.40, 0.30, na 0.23 mwishoni. Sehemu nene iwe karibu nusu ya urefu wote, la sivyo inakunjika na flai inarudi juu ya kichwa.

Mtupo wa kwanza na lida hiyo, kimya nyuma. Kitanzi kikakaa, nikavuta mkono wa chini kuelekea tumboni, mshipi ukaenda. Ukaenda wote! Nailoni ya nyuma ya kichwa, niliyoishika kidoleni, ikanyofoka na kugonga rili, gurudumu la mshipi. Mkono wa chini ndio injini. Msweden Göran Andersson amelihubiri hilo miaka mingi, mkono wa juu ni mhimili tu, na nililielewa mwilini siku nanga iliposhika. Kabla ya hapo hakuna somo lolote la mikono lingenisaidia, kwa sababu fimbo haikuwa na cha kuvuta.

Kwa hiyo namba zangu kwa yeyote mwenye blanki ya futi 11 namba 6: kichwa gramu 26.3, futi 32, lida mita 4. Ukiweka flai nzito yenye shanga, punguza lida hadi mita 3.5, maana flai yenyewe inasaidia nanga. Msiamini namba iliyoandikwa kwenye blanki. Amini mizani, kisha amini mto.

Neno kuhusu vifaa. Kwa kuunganisha vitanzi vya kichwa, pasi ya kunyooshea nywele inashinda kila kitu nilichowahi kushika. Unakunja ncha ya mshipi, unaivalisha mpira wa kusinyaa wa mafundi umeme, unaibana ndani ya pasi kwa joto la chini, unahesabu pole pole huku ukiizungusha. Plastiki ya mshipi inayeyuka na kushikana, mpira unauchubua na kuutupa, na kitanzi kinabaki laini kama cha kiwandani. Bunduki ya hewa ya moto inaunguza upande mmoja, siitaki tena. Mshipi wa nyuma ya kichwa nimetumia nailoni ya 0.60 ya wavuvi wa Kyela, inayouzwa kwa kilo. Inajikunja kwa baridi, kwa hiyo kabla ya kuanza naifunga kwenye mti naivuta hadi inyooke. Kwa bei ile sioni sababu ya kununua nyingine.

Kile kipande kilichobaki cha namba 12 bado kina ncha yake ya pili iliyochongwa. Nimekata futi 19 kutoka hapo, gramu 15, kwa ajili ya kutupa juu ya kichwa kwa mkono mmoja kwenye mabwawa ya Mufindi, ambako majani ya chai ni mafupi na nyuma kuna nafasi tele. Fimbo ya futi 11 kwa mkono mmoja inachosha bega, lakini upepo wa pale unaikubali.

Mpango ulikuwa wiki hii nipake vanishi ya pili, nichonge kitako cha rili kwa mninga, na nishone mfuko. Nimesimamisha vyote. Nilikuwa Njombe kwa shughuli nyingine, nikaona matenga ya nyanya yakisukwa kwa mianzi ya ulanzi, ile iliyokomaa ambayo haigemwi tena. Nikaokota ubale mmoja uliotupwa, nikaukunja hadi karibu duara, nikauachia. Ulirudi umenyooka, na kwa haraka. Fimbo za mianzi za zamani zilijengwa kwa mwanzi wa Tonkin kutoka Guangdong, China: vibale sita vya pembetatu, kila pembe nyuzi 60, vinagandishwa kuwa kijiti kimoja chenye pande sita, ngozi ngumu ikibaki nje. Nataka kujua ulanzi wetu utasema nini ukikatwa hivyo. Nitaanza na kipande cha ncha peke yake, kivae kwenye fimbo hiihii badala ya ncha ya kaboni, ili nilinganishe kwa kichwa kilekile cha gramu 26.3.

Mianzi minne imeshafika, nimeilaza darini ikauke. Fundi wa kukereza vyuma amechukua mchoro wa kalibu ya kurandia vibale, vyuma viwili vyenye mfereji wa V unaopungua kina. Anadai mfereji wa nyuzi 60 kwa urefu wa mita moja ataukata kwa vipande vitatu. Mwenye kalibu ya namna hiyo, au aliyewahi kuona viungo vyake vikikaa sawa bila kuacha alama kwenye mwanzi, aniandikie kabla hajaanza kukata.