Anaongea na nani mchana kutwa?

Siku 84 za likizo ya uzazi ziliisha mwanangu hata shingo haijakaza vizuri. Nikarudi kazini. Natoka Tabata alfajiri, narudi saa moja usiku, foleni ikiwa na huruma. Mtoto akabaki na dada wa kazi, binti wa Singida, mpole na mchapakazi. Mtoto alipofika miezi 5 nikanunua kishikwambi, nikakijaza video za watoto wachanga: rangi, maumbo, matunda, herufi, zote kwa Kiingereza, na karibu kila moja imeandikwa kwamba inakuza akili ya mtoto. Nilifanya hivyo kwa mapenzi. Mimi Kiingereza kilinitesa sana kidato cha kwanza, sikutaka kimtese na yeye.

Zilikuwa na neema yake. Mtoto alitulia. Wakati wa kula, video ikifunguliwa mdomo unafunguka, kijiko cha uji kinaingia, bakuli linaisha bila chozi. Nikirudi jioni nimechoka, naye yuko kwenye mkeka ametulia, macho hayabanduki kwenye kioo. Kuna wimbo mmoja ukianza anapiga makofi. Nikasema moyoni: anajifunza.

Akiwa na miezi 14 nilimpeleka kliniki kupima uzito. Uzito ulikuwa mzuri. Nesi, mama wa makamo, alimwita mtoto kwa jina mara mbili. Hakugeuka. Akaniuliza, "Wewe anakuitaje?" Nikakaa kimya, kwa sababu hakuwa na jina lolote la kuniita. Akatuandikia twende tukapime masikio, kisha akauliza swali ambalo nimelibeba hadi leo: "Mama, huyu mtoto anaongea na nani mchana kutwa?"

Masikio yalikuwa salama. Swali ndilo lililobaki.

Usiku ule nilimwuliza dada, si kwa ukali, siku yao inakwendaje. Akanieleza. Asubuhi kishikwambi, mchana uji na kishikwambi, yeye anafua na kupika, runinga ya sebuleni iko wazi kwenye tamthilia, jioni kishikwambi tena mpaka nigonge geti. Nikamwuliza, huwa humwongeleshi? Akainama. "Dada, wewe ulisema nisimwongeleshe kilugha. Na Kiswahili changu ulisema hakijanyooka."

Ni kweli, nilisema hivyo. Nilimfunga mdomo mtu pekee aliyeshinda na mwanangu saa 13 kwa siku, nikampa kioo kiongee badala yake. Nilimwomba radhi pale pale jikoni.

Siku zilizofuata nilisoma kila nilichokipata. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya kioo kabisa, wa mwaka mmoja naye haishauriwi, na akitimiza miaka 2 isizidi saa 1 kwa siku, ikipungua ni heri zaidi. Nikakuta pia utafiti wa Seattle, Marekani, wa mwaka 2007, ambamo wazazi zaidi ya 1,000 waliulizwa kwa simu. Kwa watoto wa miezi 8 hadi 16, kila saa moja ya video za wachanga kwa siku ilikwenda pamoja na upungufu wa maneno 6 hadi 8 katika yale wanayoyajua. Nililia. Baadaye nikasoma kwamba mwaka 2014 watafiti wengine walizipiga upya hesabu za takwimu zilezile, wakaona jibu linabadilika kulingana na namna ya kuzipiga. Kwa hiyo simwambii mama yeyote kwamba video zimemharibia mtoto, na hata kwa mwanangu siwezi kuapa kwamba ndizo zilizomchelewesha. Watoto hawaanzi kusema siku moja.

Kilichonigusa zaidi ni jaribio la Chuo Kikuu cha Virginia la mwaka 2010. Watoto wa miezi 12 hadi 18 walionyeshwa kwa wiki 4 video ya kufundisha maneno iliyokuwa inauzwa sana. Mwishoni hawakujua maneno zaidi ya wenzao ambao hawakuiona kabisa. Waliofanya vizuri ni wale ambao wazazi waliambiwa tu wawafundishe maneno yaleyale katika shughuli za kila siku, bila video. Na wazazi walioipenda video ndio walioamini zaidi kwamba mtoto amejifunza. Hapo nilikumbuka yale makofi ya mwanangu ya jioni. Nikaenda kununua tofaa, tunda aliloliona kwenye kioo pengine mara mia, nikaliweka mbele yake pamoja na kikombe chake cha uji. Nikalitaja kwa Kiingereza kama video inavyolitaja. Akanitazama tu. Niliposema "uji," aligeukia kikombe.

Basi nikaamua kumwachisha, kama mtu anavyomwachisha mtoto ziwa.

Siku nne za kwanza zilikuwa ngumu, na asiyejiandaa atarudi nyuma. Alilia wakati wa kula mpaka akatapika. Siku ya pili alikula vijiko vitatu. Nilichukua likizo ya wiki moja kwa ajili hiyo, nisingeweza kumwachia dada mzigo huo peke yake. Kilichotusaidia ni kuacha kumlisha pembeni. Tulitandika mkeka, tukala wote watatu wakati mmoja, naye akapewa bakuli lake na kipande cha ndizi mkononi. Alimwaga, akajipaka, akala. Kufikia siku ya tano alikuwa ananyoosha mkono kwenye sahani yangu.

Runinga tuliizima mchana. Hili watu wengi hulipuuza, wanasema mtoto haangalii. Lakini watafiti waliowavalisha watoto vinasa sauti waliona kwamba kila saa ya runinga inayosikika nyumbani ilikwenda na upungufu wa takriban maneno 770 ambayo mtoto anayasikia kutoka kwa watu wazima. Runinga ikiwaka, sisi ndio tunaonyamaza. Dada nilimnunulia bando aangalie tamthilia zake usiku mtoto akilala, kwa sababu naye ni binadamu, hana wa kuongea naye nyumba nzima.

Kisha nikamwambia: ongea naye unavyojua. Kinyaturu, Kiswahili, vyovyote. Ukifua mwambie unafua. Akianza kubwabwaja, nyamaza umsikilize, halafu mjibu. Nyimbo za kwenu zimwimbie zote. Nyumba ilibadilika. Nikipiga simu mchana nasikia sauti, nasikia sufuria linapigwa mwiko.

Mama yangu alishuka kutoka Muheza, akakaa mwezi mzima. Yeye hakusoma utafiti wowote. Alimpakata asubuhi, akamwita "mume wangu," akamgombeza kwamba hajaleta posho ya nyumbani, halafu akamsubiri ajibu. Mtoto akitoa sauti yoyote, bibi anajibu kana kwamba ameambiwa jambo zito: "Ehee? Kwa hiyo samaki hakuna?" Nilikaa mlangoni nikiwaangalia. Video haimsubiri mtoto. Inauliza swali, inajijibu, inaendelea. Niliwahi kusoma jaribio la Patricia Kuhl na wenzake, la mwaka 2003, ambapo watoto wa Kimarekani wa miezi 9 walijifunza sauti za Kichina baada ya vikao 12 na mtu hai, na wenzao waliopewa yaleyale kwenye runinga hawakupata kitu. Kwa mama yangu nilikuwa naliona jaribio hilo kwenye mkeka wangu mwenyewe.

Neno la kwanza lilikuja na miezi 15: "mma," maji. La pili lilikuwa "bibi." Nikaanza kuyaandika kwenye daftari, na neno sikulihesabu mpaka alitumie mara tatu kwa kitu kilekile. Tulipokwenda kliniki kwa sindano ya pili ya surua na rubela, miezi 18, daftari lilikuwa na maneno 11. Moja ni la Kinyaturu, la kuku, na kwa muda mrefu hakumwita kuku kwa jina lingine.

Sasa ana miaka miwili na nusu. Jumamosi tunaangalia katuni ya Kiswahili nusu saa, mimi nikiwa nimekaa naye, na tunaisimamisha kila anapotaka kusema kitu. Kioo cha kila siku kilichobaki ni simu ya video ya bibi. Hiyo sikuiondoa, maana mtu wa upande wa pili anasikia na kujibu. Jana alikimbia nayo uani, akaigeuzia bandani kwa jirani.

"Bibi, ona! Anataga!"

"Mayai mangapi, mume wangu?"

Akachuchumaa kuangalia, na bibi akasubiri.