Kutoa SSE kwa Python kuipeleka Go: kodi ni fupi, bafa ndio kazi

Kuna duka la jumla hapo Kamukunji nimewawekea kasistimu kadogo, mteja akilipa kwa simu malipo yanatokea kwa skrini ya keshia papo hapo bila mtu kurefreshi ukurasa, na yanafika hapo kwa SSE (Server-Sent Events). Ilikuwa Python, na Flask ya kujengea wavuti, na ilifanya kazi poa mpaka duka likaongeza kaunta. Kila skrini iliyofunguliwa inashikilia prosesi moja ya seva siku nzima, kwa hivyo zikiisha, skrini inayofuata inazunguka tu. Mama mwenye duka akanipigia: "Kijana wangu, hii ya mlangoni imelala, zile za juu zinaona pesa." Ningeweza kupeleka mambo kwa asyncio, ambapo prosesi moja inashikilia koneksheni nyingi, nikabaki Python, ni njia nzuri tu, lakini huduma zingine za hapo zilikuwa Go tayari, nikaona bora nihamishe hiki kipande pia.

Kwa asiyejua, SSE ni HTTP ya kawaida ambayo jibu lake haliishi. Seva inasema Content-Type ni text/event-stream, halafu inaandika laini za maandishi, data: na ujumbe, ukitaka event: na jina, id: na alama, retry: na milisekunde, na laini tupu inafunga tukio. Basi. Opera waliiweka kwa brauza yao 2006, na saa hii maelezo yake yako kwa HTML Standard ya WHATWG, kundi linaloandika standadi za wavuti, unasoma ukimalizia chai. Ndio maana watu wanaidharau, wanadhani kuhamisha ni kutafsiri laini kwa laini.

Shida ni kwamba kilicho muhimu kwa SSE hakionekani kwa kodi, ni lini baiti zinatoka na nani anazishika njiani. Python unaandika jenereta, unafanya yield, na Flask na seva iliyo chini yake wanasukuma kila kipande bila wewe kuomba. Go haina huo ukarimu. Ukiandika kwa ResponseWriter, ile ya kuandikia jibu, ujumbe mdogo unakaa kwa bafa, memori ya kukusanyia baiti kabla zitumwe, ukingoja wenzake, na malipo ya mteja mmoja ni baiti chache sana, yatangoja hadi mteja aende nyumbani. Lazima uite Flush(), ya kusukuma kilichoko kwa bafa, kila baada ya tukio. Na hata hapo, kama kuna midowea ya logi (kodi ya katikati inayorekodi kila ombi) imefunika ResponseWriter, ile mbinu ya zamani ya kuuliza "wewe ni http.Flusher?" inajibiwa hapana wakati jibu la kweli ni ndio, iko tu ndani ya kifuniko. Tangu Go 1.20 kuna http.ResponseController ambayo inafunua hivyo vifuniko, mradi aliyeviandika aliweka Unwrap, mlango wa kufikia cha ndani. Tumia hiyo, na kosa linalorudi usilitupe.

Halafu WriteTimeout, kikomo cha muda wa seva kuandika jibu. Kila mwongozo wa Go unakuambia uiweke, na ni ushauri mzuri kwa kurasa za kawaida, lakini inahesabu jibu lote, kwa hivyo strimu inakatwa kila muda ukifika, brauza inaunganisha tena yenyewe, na kwa macho kila kitu kiko sawa isipokuwa logi imejaa. ResponseController hiyo hiyo ina SetWriteDeadline, unasogeza muda mbele kwa ombi hilo peke yake.

Mtu akifunga skrini je? Jenereta ya Python inafungwa na seva, unasafisha kwa finally. Kwa Go unasikiliza r.Context().Done(), ishara kwamba ombi limekwisha, ndani ya select, la sivyo gorutini (vijikazi vya Go vinavyoendeshwa sambamba) zinabaki zikingojea chaneli ya mtu aliyeenda zamani na memori inapanda polepole.

Nginx nayo, seva inayokaa mbele ya yako ikipitisha maombi, haijali lugha yako. Ina bafa yake, unaizima kwa heda X-Accel-Buffering: no, na kwa kawaida ikikaa sekunde 60 bila kusikia kitu kutoka nyuma inakata. Tuma laini inayoanza na nukta mbili (:), hiyo ni komenti, brauza inaipuuza, standadi yenyewe inapendekeza kila sekunde 15 hivi. Duka likiwa kimya saa za mchana hiyo ndiyo inaweka koneksheni hai.

Upande wa kupokea, yaani programu inayosoma strimu, ndio nilifurahia zaidi, manze kuna vituko. splitlines() ya Python, ya kukata maandishi laini kwa laini, inakata hata kwa U+2028 na U+0085, herufi za Unicode zisizoonekana, na SSE inajua alama tatu pekee za mwisho wa laini, LF, CR na CRLF. Mtumaji akiwa JavaScript, JSON.stringify inaacha U+2028 ilivyo, kwa hivyo ujumbe mmoja unakatwa katikati na JSON inakataa kusomeka. Ukienda Go unaokoka hapo unaingia kwingine, bufio.Scanner, kisomaji chake cha laini, inagoma laini ikizidi kilobaiti 64, na usipoangalia Err() inaonekana tu kama strimu imeisha kwa amani, tena CR ikiwa peke yake haiioni kama mwisho wa laini. Na ile nafasi baada ya data: inaondolewa moja tu, sio TrimSpace ya kufagia kila kitu. Mimi nilihifadhi strimu ya zamani kwa faili na curl -N, baiti kwa baiti, nikaifanya testi ya pande zote mbili.

Jambo ambalo watu husahau ni siku ya kubadilisha. Brauza zilizo wazi zitarudi zenyewe kwa seva mpya zikiwa na Last-Event-ID, yaani id ya tukio la mwisho walilopokea, ya seva ya zamani. Kama Python ilikuwa inatoa id za saa na Go inatoa namba za jedwali, utapewa kitu usichoelewa na utaruka malipo au utayarudia, na keshia akiona elfu mbili mara mbili hapo ni kelele. Mimi nilibakisha namba za jedwali la Postgres pande zote, na id isiyosomeka inapewa malipo ya leo yote, kila moja na namba yake ili ukurasa uchuje yaliyorudiwa. Njia ya zamani, ile ya majaribio, nimeiacha ikijibu 204 (kodi ya HTTP ya "hakuna kitu"), hiyo ndiyo inaambia brauza iache kurudi.