Khaskhas katika Jiko la Kisumu

Aliyenifundisha kupika khaskhas, yaani mbegu za mpopi, ni mkazamwana wa jirani yetu hapa Milimani, binti wa Kolkata aliyeolewa katika familia ya Kigujarati. Mama mkwe wake, ambaye sote humwita Masi, huzinyunyiza mbegu hizo juu ya ladu za churma, vitamutamu vya mviringo vya unga wa ngano, tu, lakini kwa Wabengali, wanaoziita posto, ni kitoweo kamili.

Nilipojaribu peke yangu nilizisaga kavu, kama nilivyozoea kusaga simsim ya kuungia mboga kwetu Busia, nikapata mchuzi wenye chengachenga. Binti huyo akanieleza kwamba mbegu hizo ni ndogo na ngumu mno, hivyo sharti zilowekwe katika maji ya uvuguvugu kwa nusu saa au zaidi, zichujwe, kisha zisagwe pamoja na pilipili mbichi, maji yakitiwa kidogo kidogo, mpaka ziwe rojo jeupe lililo laini kabisa.

Kwa viazi vinne vikubwa mimi hutia vijiko vinne vya mezani vya khaskhas. Huyapasha mafuta ya haradali hadi yaanze kufuka moshi, ukali wake upungue, kisha hutia habasoda, na baadaye viazi vilivyokatwa vidogo pamoja na chumvi na manjano. Vikikaribia kuiva huongeza rojo, hupunguza moto na kukoroga bila kuondoka, maana hushika chini upesi. Mafuta yakijitenga pembeni, chakula kiko tayari kuliwa kwa wali na dengu. Wapo wanaoongeza nyanya na garam masala. Naona wanaufunika utamu ule mpole ambao ndio uzuri wa khaskhas.

Mama yangu alishtuka kusikia kwamba mmea wake ndio huohuo wa afyuni. Nilimweleza kwamba afyuni hutokana na utomvu wa tumba bichi la mbegu, ilhali mbegu huvunwa tumba likishakauka, na mlo wa kawaida wa posto haulevyi. Hata hivyo, chembe za utomvu huweza kuzigusa, na anayetarajia kupimwa mkojo kazini kutafutwa dawa za kulevya ni afadhali aziache kwa siku kadhaa. Vilevile usizibebe safarini kwenda Singapore au Dubai, kwani huko ni marufuku.

Karibu nusu ya uzito wa mbegu hizi ni mafuta, kwa hiyo huharibika upesi kwenye joto letu la ziwani. Mimi hununua kidogo, huziweka kwenye friji, na huonja chache kabla ya kuziloweka. Zikiwa chungu, huzitupa.