Familia za Waserbia na utalii wa chini ya ardhi Coober Pedy

Coober Pedy iko jangwani Australia Kusini, takriban kilomita 850 kaskazini ya Adelaide. Opali, jiwe la thamani lenye rangi zinazometameta, iligunduliwa huko mwaka 1915. Baada ya Vita Kuu ya Pili walifika wahamiaji wengi kutoka Ulaya, wakiwemo Waserbia, na kile walichojifunza machimboni, yaani kuchimba vyumba chini ya ardhi, ndicho kinachowavuta wageni leo.

Nje kiangazi joto hupita nyuzi 40; ndani ya mwamba hubaki kwenye 23 hadi 25. Mashine ileile ya kuchimbia opali hukata vyumba. Juu ya dari lazima ubaki mwamba wa mita kadhaa, ukiwa mwembamba hupasuka. Matundu ya hewa hutobolewa hadi juu, na kuta hupakwa gundi maalumu ili vumbi lisidondoke kitandani.

Kazi ya Waserbia inayonigusa zaidi ni kanisa la Waorthodoksi wa Kiserbia la Nabii Eliya. Waumini walilichimba kwa kujitolea, likakamilika 1993. Dari imechongwa kwa upinde, na alama za meno ya mashine zimeachwa zionekane, uamuzi mzuri sana.

Ukienda, usitembee kinyumenyume ukipiga picha nje ya mji: mashimo ya zamani yako wazi, na ni marefu. Ukinunua opali, uliza kama ni jiwe zima au tabaka zilizogundishwa. Za tabaka usiziloweke. Maji hupenya kwenye gundi na rangi hufifia.